Kumtumaini Mungu na Kufunga Paa

Mzee mmoja wa Pemba alituambia neno ambalo halijatutoka moyoni. Ilikuwa mwezi wa Januari, nasi tulikuwa tumeketi barazani pake, upande wa Wete. Mbele yetu karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi, zikianza kugeuka rangi, na wajukuu wake wawili walikuwa wamewekwa zamu ya kutazama mawingu, ili mvua isije ikazikuta karafuu uwanjani. Kwa kuwa masika hayakuwa mbali, tulimwuliza kama nyumba yake, ambayo mabati ya upande wa jikoni yalikwisha kulegea, ingeweza kustahimili upepo mkali. Akacheka kwa upole. "Padre," alisema, "tufani ni ya Unguja. Huku kwetu hupita mbali. Na ikija, basi imekuja kwa amri ya Mungu. Ajali haina kinga."

Hatukumjibu siku ile, maana mzee huyu ni mtu wa sala kuliko wengi wetu tunaokalia viti vya kuhariri magazeti. Lakini maneno yale si yake peke yake. Twayasikia Dar es Salaam katika bonde la Mto Msimbazi kila maji yanapoingia majumbani. Twayasikia Rufiji. Tuliyasikia tena baada ya Desemba 2023, wakati maji na tope kutoka Mlima Hanang yalipouangukia mji mdogo wa Katesh na kuua watu wengi. Kwa hiyo twaona yafaa kuyapima mbele ya familia zote za Kikatoliki nchini, ziwe za pwani au za bara. Ndani yake mna mambo mawili: moja ni la historia, jingine ni la imani.

Katika historia mzee alisema nusu ya kweli. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash bin Said ziliangamia bandarini, nyumba zikabomoka, na karibu theluthi mbili za mikarafuu na minazi ya kisiwa kile zikang'olewa au kuvunjwa. Upepo ule ule uliiangukia na Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni mwaka 1868 na kukusanya watoto waliokombolewa utumwani. Majengo mengi ya misheni yakawa magofu, ikabidi kuanza upya. Pemba, iliyo kaskazini, ilisalimika kwa sehemu kubwa.

Yaliyofuata hayasimuliwi sana barazani. Mkarafuu haupandwi leo ukazaa kesho. Huchukua miaka kadhaa. Unguja ilipokuwa imelala chini, bei ya karafuu ilipanda, na wenye mali wakageukia Pemba kuongeza mashamba. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, na hata leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko. Lakini mikarafuu haijipandi wala haijichumi. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini na kulifunga soko lao la Unguja. Hata hivyo majahazi yaliendelea kuwavusha watu kwa siri mpaka Pemba, kwa sababu mashamba yalidai mikono. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria visiwani humo mpaka mwaka 1897. Hebu tuutazame upepo huu mmoja. Bagamoyo uliezua mapaa yaliyowafunika watoto waliokombolewa. Pemba, ambako haukufika, uliyapandisha thamani mashamba ambamo watoto wa watu wengine walitiwa utumwani.

Je, twasema hayo ili kuwalaumu Wapemba wa leo? La hasha. Wako miongoni mwao wengi ambao babu zao ndio waliovushwa usiku. Twayasema kwa sababu yule aliyesalimika hujiona kwa urahisi kuwa amependelewa, na akijiona amependelewa haulizi tena kwa nini jirani yake analia. Bwana wetu Yesu Kristu alipoulizwa habari za watu waliopatwa na msiba, aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kabisa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Ikiwa waliokufa hawakuwa wabaya zaidi, basi na waliopona hawakuwa wema zaidi. Kusalimika si cheti cha utakatifu. Ni muda tuliopewa, na kila aliyepewa muda ataulizwa aliutumiaje.

Na ile nusu nyingine ya historia? Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto, nacho huhitaji ule msukumo utokanao na kuzunguka kwa dunia, ambao karibu na ikweta ni hafifu mno. Pemba iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Ndiyo sababu vimbunga huikaribia kwa nadra. Lakini Unguja iko kwenye nyuzi 6, na nyuzi moja si ukuta. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kile kilichoitwa Kenneth kilipita Komoro kikaangukia kaskazini ya Msumbiji, si mbali na mpaka wetu wa Mtwara. Nayo bahari yazidi kupata joto, kama wataalamu wanavyotuonya.

Tena mafuriko hayangoji kimbunga. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Mvua ya masika ikinyesha siku tatu mfululizo, maji ya vilima yote hushukia bondeni, penye mpunga na penye nyumba zilizojengwa kando ya mpunga. Katika siku za bamvua, bahari ya pwani zetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4 kati ya maji kujaa na maji kupwa. Mvua kubwa na upepo wa baharini vikikutana na bamvua, maji ya bondeni hukosa pa kutokea, yakarudi nyuma mpaka mlangoni. Tayari pako mahali Pemba ambapo maji ya chumvi yameingia katika mashamba ya mpunga na kuyaharibu. Wenye mashamba hayo hawakuhitaji tufani kama ya 1872 ili waijue hasara.

Sasa twaja kwenye neno la imani, ambalo ndilo zito. Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshauri ajitupe chini, akiyatumia Maandiko Matakatifu yenyewe kumthibitishia kwamba malaika watamdaka. Maneno ya Zaburi yalikuwa ya kweli. Shauri lilikuwa la uongo. Bwana alikataa kumjaribu Mungu. Basi mtu anayejua kwamba paa limelegea, mwenye kamba na nguvu za kulifunga, kisha akakaa akisema Mungu atalishika, huyo hamtumaini Mungu, bali anasimama juu ya kinara kile kile. Hata jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi huko Pemba, hufundishwa kwamba ngamia afungwe kwanza, ndipo mtu amtegemee Mungu.

Wala mzee wetu hakumwachia Mungu karafuu zake. Aliweka zamu! Jambo hilo tulilitambua baadaye tukiwa njiani, likatufanya tujicheke wenyewe, maana nasi ofisini petu twazifunika karatasi za gazeti kwa turubai kila wingu linapotanda, na hatujapata kusema kwamba Maongozi ya Mungu yatazikausha. Mwanadamu ana desturi ya kuyaacha mikononi mwa Mungu yale asiyotaka kuyashughulikia, na kuyashika mikononi mwake yale yenye bei. Tukitaka kujua imani yetu ina ukweli gani, tusiangalie tumemwachia Mungu nini. Tuangalie hatukumwachia nini.

Methali ya kwamba ajali haina kinga ni ya kweli, lakini kwa ajali. Jambo lililotangazwa redioni siku tatu kabla si ajali tena. Masika yanayokuja kila mwaka baina ya Machi na Mei si ajali. Mtoto akizama katika shimo lililokaa wazi nyuma ya nyumba tangu mwaka jana, tusimsingizie Mungu. Mwanzoni mwa Misa Takatifu, tunapoungama, hatutaji mawazo, maneno na matendo tu, bali twataja na kutotimiza wajibu. Wengi wetu hupiga kifua hapo bila kuwaza jambo lolote hasa. Pengine tungewaza paa la jikoni.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye kila mseminari amehangaika naye, ahesabu uwezo wa kuona mbele kuwa sehemu ya fadhila ya busara, tena sehemu iliyo kuu. Lakini, atauliza msomaji makini, je, Bwana hakutukataza kuisumbukia kesho? Hakumwita mpumbavu yule tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, naye akafa usiku ule ule? Ni kweli. Tomaso mwenyewe alilijua swali hilo, na jibu lake lapendeza kwa wakulima: kila kazi ina majira yake, na kila majira yana mahangaiko yake yanayoyafaa. Mahangaiko ya kuvuna ni ya wakati wa mavuno. Ayachukuaye kabla ya wakati wake ajitwika bure mzigo wa siku nyingine. Kwa hiyo kufunga paa mwezi wa Februari si kuisumbukia kesho. Ni kazi ya Februari. Kumbe asiyelifunga Februari ndiye atakayekesha kwa hofu mwezi wa Aprili, akisumbukia kila tone. Na yule tajiri kosa lake halikuwa ghala, maana Yusufu naye alijaza ghala za Misri, akasifiwa. Tofauti ni kwamba ghala za Yusufu zilijengwa zije zifunguliwe.

Yako makosa ya upande wa pili, nayo yamewahi kuwamo hata kanisani. Zamani huko Ulaya watu walizoea kupiga kengele za kanisa wakati wa dhoruba ili kuifukuza radi. Katika Ufaransa wapiga kengele wengi walipigwa na radi wakiwa wameshika kamba, maana mnara ndio uliokuwa jengo refu kupita yote kijijini, hata wenye mamlaka wakalazimika kukataza desturi hiyo. Sala ya Kanisa ya kuomba tuepushwe na radi na dhoruba imo katika Litania ya Watakatifu, nayo ni njema. Lakini haikuandikwa ili mtu aisome akiwa amesimama chini ya mnazi.

Basi wenye nyumba wafanye nini? Waanze na paa. Upepo haulisukumi paa tu, bali hulinyanyua: hupita juu ya bati kwa kasi, nao mwingine huingia chini yake penye mwanya, na hapo paa huruka kama kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo haitoshi bati lipigiliwe kwenye pau. Pau zifungwe kwenye kenchi, na kenchi zifungwe barabara kwenye nguzo au ukuta kwa waya mnene au mkanda wa chuma. Nyumba ya makuti isidharauliwe, kwa maana kuti likipeperuka halimkati mtu kama bati. Wavu mkuukuu wa kuvulia, ukitandazwa juu ya makuti na kufungwa chini kwenye vigingi, waweza kusaidia. Makuti makavu na nazi za minazi iliyo karibu na nyumba ziangushwe mapema. Mtaro uzibuliwe kabla ya mvua ya kwanza, si wakati wake. Nyumba mpya isijengwe penye mkondo wa zamani, hata kama kiwanja ni cha bei nafuu. Mkondo hausahau njia yake. Mvuvi avute dau lake juu kupita alama ya bamvua, wala asivuke kwenda Unguja kwa sababu tu aliahidi.

Maji ya mafuriko huchanganya choo na kisima. Kipindupindu chapenda kufuata nyuma ya mvua, na nyumba iliyosalimika na upepo yaweza kupoteza mtoto wiki mbili baadaye kwa sababu hiyo. Yafaa kuwe na maji safi yaliyofunikwa, ya kutosha siku kadhaa, na kuni kavu au mkaa wa kuyachemshia mengine. Vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo na vya ndoa, pamoja na hati ya shamba, vitiwe katika mfuko usiopitisha maji na kuwekwa mahali ambapo kila mmoja anapajua. Watoto wafundishwe kwamba maji yanayokwenda kasi, ingawa hayapiti magoti, yaweza kumwangusha mtu mzima.

Lakini lipo jambo moja ambalo halinunuliwi dukani, nalo lakosekana katika nyumba nyingi. Ukiuliza nani atabeba televisheni, kila mtu anajua. Ukiuliza nani atambeba bibi, watu hutazamana. Jambo hili lipangwe kwa jina: fulani atamshika bibi, fulani atamchukua mtoto mchanga, fulani atamwongoza yule asiyeona, nao watakwenda nyumba gani iliyo kilimani, na kwa njia ipi ikiwa daraja limeondoka. Twashauri lipangwe jioni moja baada ya Rozari, wakati wote wapo, bibi mwenyewe akiwapo na kusema anapenda abebwe namna gani. Familia isiyoweza kulijibu swali hili haijajiandaa, hata ikiwa na magunia kumi ya mchele.

Wako watakaosema: Mei 2024 tulitishwa bure. Wanakitaja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza, watu wakakaa ndani, na tarehe 4 Mei kikafika pwani karibu na Mafia kikiwa kimekwisha kupoteza nguvu nyingi. Mahali pengi watu walicheka. Waende wakawaulize wenzao wa Kilwa na Lindi, ambako mvua zake ziliikata barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Na hata kama zisingeikata, mlinzi aliyekesha na mwizi asije hakuibiwa usiku wake. Twaogopa zaidi cheko lile kuliko upepo wenyewe, kwa kuwa ndilo litakalomfanya mtu azime redio mara nyingine.

Sasa twafika mahali ambapo dhamiri zetu hubanwa. Msomaji amefunga paa, amezibua mtaro, ameweka maji na unga. Mjane wa pili hana kitu. Usiku wa dhoruba anagonga. Wapo wanaojitetea kwa mfano wa wanawali kumi, maana wale wenye busara walikataa kugawa mafuta yao, na Bwana hakuwalaumu. Twadhani mfano huo wasomwa vibaya. Kuna vitu ambavyo saa ikifika havigawanyiki tena. Unga wawezekana kugawa usiku wa manane, na asiyeugawa atajibu mbele ya Mungu. Lakini huwezi kumgawia jirani yako paa lililofungwa wiki tatu zilizopita. Huwezi kumgawia mtaro. Vitu hivyo vyaweza kutolewa mapema tu, wakati maduka yangali wazi na jua linawaka, kwa mtu kuchukua nyundo na kamba na kwenda kwa mjane kabla hajaomba. Huruma nayo ina majira yake, na majira ya sehemu yake kubwa ni kiangazi.

Jirani huyo, huko Pemba, mara nyingi atakuwa Mwislamu, kwa kuwa Wakatoliki wa kisiwa kile ni wachache. Asihesabiwe wa pili kwa sababu hiyo. Upepo wa 1872 haukuchagua kati ya msikiti na misheni. Jumuiya Ndogo Ndogo zinapogawana kazi, ziandike nyumba za mtaa mzima, si za waamini tu.

Na mfanyabiashara Mkatoliki tuna neno naye, la ufupi. Dhoruba ikipita, mabati, misumari na mafuta huadimika. Anayepandisha bei siku hiyo kwa sababu tu mwenzake hana paa, afanya lile lile lililofanywa na bei za karafuu baada ya 1872, na yafaa aulize ni mgongo wa nani utakaoilipa faida yake. Kitubio chake kisimalizikie katika sala tatu.

Tulirudi kwa yule mzee siku ya kuondoka. Tulimwambia baadhi ya mambo haya, si yote, kwa heshima ya umri wake. Hakubishana. Tulipomwuliza nani atambeba mkewe, ambaye miguu yake haina nguvu tena, alinyamaza kitambo, akawatazama wajukuu wake wawili uwanjani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayepima. Kisha akasema kwamba paa la jikoni atalitengeneza akisha kupeleka karafuu kituoni na kupokea fedha. Tulimwomba asingoje hata hapo, maana kamba anayo.